SSD ya dada yangu Riyadh: ilikuwa inapona nikifika, inazima nikirudi Jeddah

Wakuu, habari za saa hizi.

Nawaandikia kutoka Jeddah, ndani ya gari, AC imewashwa, namsubiri bosi amalize mambo yake huko Balad. Akiingia kwenye yale maduka ya zamani hatoki haraka, kwa hiyo nina muda wa kutosha.

Kisa hiki ni changu na cha dada yangu. Sijaongeza chumvi. Atakayeona kimepoa aongeze mwenyewe kwenye comments.

Kinahusu SSD na joto. Wale wa siasa na mapenzi mnaweza kupita, ingawa mkikaa kuna kitu mtaondoka nacho.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni Mkenya, mtu wa Bungoma, dereva wa nyumba hapa Aziziya. Kabla ya kuja huku nilifanya kazi cyber: kuprint, kuweka Windows, kufungua CPU za watu na kupuliza vumbi. Bisibisi siiogopi, na nikisema hivyo sijisifu, ni kazi tu niliyoifanya.

Dada yangu tumwite Nekesa. Ni mkubwa wangu. Yuko Riyadh, anafanya kazi za nyumbani na analala hapo hapo kwa waajiri wake. Madam wake ni mwalimu, mama mkali kwa mdomo lakini roho safi. Nalitaja hilo mapema kwa sababu humu mmezoea stori za upande ule mwingine, na mimi siwezi kumsingizia mtu.

Nekesa anasoma uhasibu online. Alianza akiwa nyumbani, mambo yakakwama, akaja huku akaendelea kwa simu. Hebu fikirieni mtu anafanya trial balance kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, tena baada ya kuosha sufuria za watu kumi. Alivumilia hivyo mpaka akabakiza mtihani mmoja tu, wa mwisho.

Huo wa mwisho simu hawataki. Unafanyia kwenye kompyuta, ukiwa peke yako chumbani, na msimamizi anakuangalia kwa kamera kutoka huko aliko. Kompyuta ikizima katikati umeondolewa, unasubiri awamu nyingine.

Na awamu za kuchezea hakuwa nazo. Mkataba wake na kafili, yaani mwajiri anayemdhamini huku, ulikuwa unakaribia kuisha. Kule nyumbani kuna SACCO ya wakulima walishamwambia, kiti chako kipo, leta cheti. Bila cheti kiti anapewa mwingine, na dada yangu anatafuta kafili mpya arudi tena huku aanze upya. Ana watoto wawili kule ambao wamemzoea kwenye video call kuliko ana kwa ana.

Kwa hiyo mnaposoma habari za skrubu na joto, jueni ndicho kilikuwa kinanikosesha raha.

Sasa tuje kwenye mashine.

Bosi wangu alibadilisha kompyuta za ofisi. Zile za zamani zikapakiwa kwenye gari nikazitupe. Ni hizi mini PC, kisanduku kidogo unakibeba kwa mkono mmoja. Nikamuuliza kwa Kiarabu changu cha barabarani, baba, naweza kuchukua moja?

"Shil, shil. Halas."

Yaani chukua tu, yameisha hayo. Nikachukua moja na monitor yake, keyboard na kakamera ka kuchomeka.

Zote zilikuwa zimetolewa disk, maana mambo ya ofisi yalikuwa humo. Kwa hiyo nilikuwa na kisanduku kizima kisicho na kumbukumbu. Nikaenda kwenye maduka ya kompyuta, nikamkuta jamaa mmoja wa Kiyemeni ambaye nimemzoea, akanipa SSD ya NVMe. Kwa wasiozijua, ni kadi nyembamba, umbo la kipande cha chingamu, haina waya wala kitu cha kuzunguka. Unaichomeka moja kwa moja kwenye ubao wa mashine.

Kuiweka si kazi ya kuogopa. Unazima, unachomoa waya wa umeme, unabonyeza power kidogo ili umeme uliobaki uishe. Unageuza mashine tumbo juu, unafungua skrubu za miguuni, mfuniko unatoka. Unagusa chuma cha mashine kwanza ili umeme wa mwilini mwako usiende kwenye kadi. Halafu unaingiza kadi kwenye slot kwa mshazari. Ikiingia sawasawa inabaki imeinua mkia yenyewe. Unailaza kwa kidole na kuibana na kaskrubu kadogo.

Hako kaskrubu kakianguka kwenye zulia, mmeachana. Fanyieni kazi juu ya shuka jeupe.

Kwenye boksi kulikuwa pia na heatsink, lile bati lenye meno la kupoozea. Nikalijaribu, mfuniko ukakataa kufunga. Meno marefu, mashine fupi. Nikasema hii ni ya kufanyia hesabu, si ya kuchezea games, nikaliacha. Windows ikaingia, ikawaka haraka mpaka nikatabasamu peke yangu.

Bosi ana mama yake Riyadh, na huwa tunakwenda kwa barabara. Safari iliyofuata nikaweka kisanduku na monitor kwenye buti, kisanduku nimekizungushia taulo langu.

Wakuu mliokaa huku mnajua utaratibu. Mwanaume hapiti geti akaingia walipo wanawake, hata kama mmetoka tumbo moja. Nilipofika nikapokelewa kwenye chumba cha dereva wao, kando ya geti. Dereva ni Mganda mmoja mpole, ana TV, tukaitumia hiyo TV badala ya kuifungua monitor. Nekesa akatoka na abaya yake, madam akasimama mlangoni kidogo kusalimia kisha akatuachia nafasi.

Dada akakigusa kile kisanduku kwa kidole kimoja.

"Wafula, hii ni yangu? Aki ni yangu kabisa?"

"Ni yako. Usiimwagie chai tu."

Nikamwonyesha pa kuwashia, tukafungua tovuti ya masomo yake, kila kitu sawa. Akaibeba mwenyewe kuingia nayo ndani, hakutaka hata kusaidiwa. Mganda akabeba monitor mpaka mlangoni.

Chumba chake mimi sijakiona mpaka leo. Hilo mlishike, tutalirudia.

Siku ya mtihani ilikuwa Ijumaa, siku yake ya kupumzika. Nilikuwa naosha gari. Simu ikalia mapema mno, nikajua hakujakaa vizuri.

"Imezima."

"Imezima vipi?"

"Nilikuwa swali la tatu. Ikaandika vitu kwa blue, ikazima. Ikawaka tena, ikasema hakuna disk."

"Hakuna disk vipi, na niliiweka kwa mikono yangu?"

"Sasa mimi najuaje, Wafula? Wewe ndiye fundi."

Hakulia. Afadhali angelia. Alikuwa anaongea kama mtu anayesoma tangazo la mtu mwingine. Niliumia, nawaambia ukweli.

Baada ya muda akaniambia ameiwasha tena na imewaka, iko sawa kabisa, disk ipo, notes zake zote zipo. Hapo nikajua ni joto. Disk iliyokufa haifufuki baada ya watu kunywa chai.

Niwaeleze kwa ufupi. Kwenye hizo kadi kuna chip inayoongoza kazi yote, na ndiyo inayochemka. Ikichemka sana inajipunguzia mwendo ili isiungue. Joto likizidi kupanda inaweza kukata kabisa, na mashine inabaki inatafuta disk isiyoiona. Ikipoa inarudi. Na mtihani ule unatumia kamera na kurekodi muda wote, kwa hiyo mashine haipumziki hata kidogo.

Nikamwambia anipigie video nione ilipowekwa. Akakataa. Kamera ya mtihani aliiombea ruhusa, lakini madam hapendi simu zenye kamera zizungukezunguke ndani ya nyumba yake, na Nekesa ni mtu wa kuheshimu neno. Alinionyesha kioo cha monitor tu, amekisogelea karibu kabisa.

Awamu iliyokuwa imebaki kabla mkataba wake haujaisha ni moja.

Safari iliyofuata ya Riyadh nilikwenda nimejipanga. Nilitafuta heatsink nyembamba, bati bapa lisilo na meno, pamoja na thermal pad. Hiyo pad ni kipande laini kama ufizi, kinakaa kati ya kadi na bati ili joto lipite. Ina plastiki pande zote mbili, na zote mbili lazima zitolewe. Nimewaona mafundi wenye majina makubwa wakiacha ya chini, kisha wanashangaa mbona joto haliondoki. Na sticker ya kadi yenyewe msiibandue, mtapoteza warranty na pengine hata hiyo sticker ina kazi yake.

Chumba kile kile kando ya geti, TV ile ile. Nekesa alinitolea kisanduku mikononi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Nikafungua, nikaweka pad, nikaweka bati, na juu ya bati nikaweka pad nyingine nyembamba iguse mfuniko, ili hata mfuniko wenyewe usaidie kutoa joto. Ukafunga vizuri. Nikageuza nipulize ule wavu wa juu ambapo fan inavutia hewa. Hakukuwa na vumbi la maana. Nikashangaa kidogo, kwa sababu Riyadh na vumbi lake ukiacha kijiko mezani asubuhi, jioni unakipangusa. Nikasema dada yangu ni msafi. Ni kweli ni msafi, tangu utotoni.

Nikaweka programu ya kupima joto. Nikaipa mashine kazi nzito, kunakili mafaili makubwa huku na huku, kamera imewashwa, kila kitu kimewashwa. Tukakaa tunaiangalia. Madam akatuletea gahawa na tende kwa mkono wa Nekesa. Joto likapanda kidogo mpaka hamsini na kitu, likakaa hapo hapo. Tukaongea habari za nyumbani mpaka bosi akanipigia kwamba tuondoke.

"Sasa imepona," nikamwambia.

"Una uhakika?"

"Nimekaa nayo mchana mzima, dada. Imepona."

Nikaendesha gari mpaka Jeddah nimeridhika.

Ngojeni kidogo, bosi anapiga.

Nimerudi. Anataka kujua kama nimekula. Mzee ana utu, tusimseme vibaya.

Tuendelee. Juma lililofuata Nekesa akafanya mtihani wa majaribio, ule wa kujipima, kwa utaratibu ule ule wa kamera. Ikazima. Blue, kimya, hakuna disk.

Wakuu, hapa ndipo nilianza kuchanganyikiwa. Mashine nimekaa nayo mchana mzima kwenye joto la chumba cha Mganda ambacho AC yake inakohoa tu, na haikutikisika. Ikiingia ndani ya villa yenye ubaridi wa kutosha, inakufa. Nikamuuliza kuhusu AC ya chumba chake.

"AC iko. Hata nalala na blanketi mbili."

Nikafikiria umeme. Labda soketi ya chumbani ina shida. Akahamisha waya, ikazima. Nikafikiria RAM. Nikafikiria Windows. Nikarudi kwa yule Myemeni na risiti mkononi, nimekasirika tayari kabla ya kufika, nikamwambia SSD yako mbovu.

Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mafi kharban, sadiq. Hadha har."

Yaani haijaharibika, rafiki, hili ni joto. Nikamwambia joto nimeshalitoa, bati nimeweka, pad nimeweka. Akauliza, hewa je? Nikamwambia hewa ipo, Riyadh nzima ni hewa. Akacheka, nikatoka nimenuna. Leo ningemrudishia kicheko chake, lakini siku ile sikuwa na nafasi ya kucheka.

Kila nilipompigia Nekesa nilikuwa na jambo jipya la kujaribu, na kila mara sauti yake ilikuwa inashuka. Mwishowe akanikatiza.

"Wafula, wacha tu."

"Niache nini?"

"Wacha hiyo mambo ya mtihani. Madam ameniambia akipenda anaweza kuniongezea mkataba. Nitakaa. Si wengi wanakaa? Watoto wako na mama, hawalali njaa."

Nilikaa na simu sikioni nikisikiliza sauti ya mashine ya kufua nguo huko kwao. Nilijiona nimempelekea dada yangu matumaini kwenye boksi, tena boksi bovu.

Sasa sikilizeni jinsi Mungu anavyofanya kazi zake.

Ijumaa moja mchana, madam aliingia chumbani kwa Nekesa akamkuta anasoma. Alikuwa hajaacha, alikuwa amesema tu ameacha. Madam akafurahi, akachukua simu yake mwenyewe, akampiga picha kwa nyuma akiwa mezani. Akasema hii mtumie mama yako aone binti yake anavyojitahidi. Yeye mwenye nyumba ndiye kapiga, kwa hiyo kamera siku hiyo ruhusa.

Nekesa akaiweka kwenye group la familia.

Mimi niliangalia mgongo wa dada yangu, nikaona amekonda, nikahuzunika, nikaweka simu chini.

Kisha mama akatuma sauti. Mama yetu haandiki, anaongea tu. Akasema:

"Nekesa mwanangu, Mungu akubariki. Na hiyo kitambaa yangu naona umeiweka vizuri sana. Imependeza juu ya hiyo kitu."

Kitambaa?

Nikafungua picha tena, nikavuta ikawa kubwa.

Wakuu, kando ya monitor kuna kitu kimefunikwa gubigubi. Kitambaa cheupe cha kufuma, maua ya njano kwenye pembe, kimeshuka pande zote mpaka kwenye meza. Juu yake, katikati kabisa, kimewekwa kikopo chenye waridi la plastiki. Ukikiona utadhani ni kameza kadogo ka sebuleni. Ilikuwa mashine.

Wakenya na Watanzania mlio humu sihitaji kuwaeleza. Nyumbani kwetu kila kitu cha maana kina kitambaa. Kochi lina kitambaa, redio ina kitambaa, TV ina kitambaa na juu ya TV kuna maua. Friji lilipokuja lilifumiwa cha kwake kabla halijachomekwa kwenye umeme. Mama ndiye anayefuma, na mgeni akiingia akakuta kitu kiko wazi, mama anaona aibu. Nekesa alipokuwa anakuja huku alifungiwa kimoja kwenye sanduku, ili chumba atakachopewa kifanane na kwetu.

Kwa hiyo dada yangu alipata kitu cha kwanza cha maana maishani mwake kilicho chake mwenyewe, akafanya vile alivyofundishwa. Alikifunika.

Na kila nilipokuja Riyadh alikifunua kwanza, akakunja kitambaa, akanitolea mashine ikiwa wazi. Ndiyo maana mikononi mwangu ilikuwa inapona. Ndiyo maana wavu wa juu ulikuwa hauna vumbi. Vumbi lote lilikuwa linaishia kwenye kitambaa, na hewa nayo ilikuwa inaishia hapo hapo.

Nikampigia.

"Dada, toa hiyo kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Ya mama. Hiyo umefunika nayo mashine."

"Na vumbi? Vumbi ya hapa unaijua wewe? Nikitoa si itaharibika?"

"Dada, hapo juu ndipo inapumua."

"Wafula, hii ni kitambaa ya matundu. Hewa si inapita?"

Jamani. Nikakumbuka kwamba mtu huyu ni mkubwa wangu, nikameza nilichotaka kusema.

"Haya. Usinisikilize mimi. Fungua ile programu ya joto. Washa kamera na kila kitu kama siku ya mtihani. Kitambaa kikae, na maua yakae. Niambie namba."

Akanisomea. Hamsini. Hamsini na tano. Tukangoja. Sitini na mbili. Tukangoja tena, nikasikia anavuta kiti karibu. Sabini. Sabini na sita.

"Inapanda tu," akasema polepole.

"Sasa toa."

Nikasikia kikopo cha maua kinawekwa mezani. Kisha akaanza kusoma tena, na sauti yake imebadilika. Sabini na moja. Sitini na sita. Hamsini na nane.

Halafu hakusoma tena.

"Dada? Uko?"

"Ni mimi," akasema. "Ile mtihani ya kwanza. Ni mimi nilijizimia."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia ingekuwa chumba chake naruhusiwa kuingia ningeona siku ya kwanza, na ingekuwa mimi ni fundi wa maana ningeuliza mashine inakaaje badala ya kuuliza umeme. Akasema tu kwamba kitambaa amekikunja.

Siku ya mtihani wenyewe nilikuwa hapa hapa Balad, kwenye gari hili hili, namsubiri bosi. Nekesa aliniambia nisipige simu, nisitume meseji, nisifanye chochote. Nikakaa natazama simu iliyozimwa sauti. Sijawahi kuomba Mungu kwa ajili ya fan ya kompyuta, siku ile niliomba.

Bosi akarudi na mifuko yake, akaniuliza mbona uso uko hivyo. Nikamwambia, dada yangu ana mtihani, kwa ile kompyuta uliyonipa. Akakaa nyuma, akasema tusiondoke kwanza. Tukangoja wote wawili.

Meseji ikaingia.

"Haikuzima."

Nikamwambia bosi. Akasema alhamdulillah, yalla twende. Barabara nzima nilikuwa naendesha polepole kwa sababu macho yalikuwa na maji.

Jioni Nekesa akanipigia akanieleza. Mtihani haujaanza, msimamizi akamwambia ageuze kamera aone meza yote na chumba chote. Kila kitu sawa. Kisha akamuuliza, hicho ulichoweka mapajani ni nini?

Kilikuwa kitambaa. Hakutaka kukiacha kitandani siku kama hiyo.

Msimamizi akataka akiinue, akikunjue chote, aonyeshe mbele na nyuma, asije akawa ameficha majibu. Dada yangu akasimama mbele ya kamera, akakishika kwa pembe mbili, kitambaa cha mama kizima, na maua yake ya njano. Msimamizi akakiangalia kidogo, akamwambia ni kizuri, amekifuma nani?

"Mama yangu," akamjibu. Akaambiwa akae aanze.

Amefaulu, wakuu. Cheti kimetoka. SACCO wamethibitisha, na tiketi ya kurudi imeshakatwa. Mashine anarudi nayo, ameniomba nimtafutie boksi lenye sponji.

Niliyojifunza ni haya. Mini PC ni ndogo kwa sababu kila kitundu kina kazi yake, kwa hiyo msiifunike, msiibane ukutani, msiilaze juu ya zulia. SSD ya NVMe muiwekee bati la kupoozea hata kama ni bapa, na mpime joto pale pale mashine inapofanyia kazi, si mahali pengine. Mimi nilipima kwa Mganda, mashine ilikuwa inafanyia kazi kwingine. Na mkimsaidia mtu kwa simu, muulizeni kitu kinakaaje, kina nini juu yake, kina nini chini yake. Ulizeni hata mnayoona ni ya kipuuzi.

Sasa nawaletea swali, na hili ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Jana nilimpigia mama nikamweleza yote, taratibu, kwa heshima, kwamba kitambaa kilikuwa kinazuia hewa. Nilidhani atasikitika. Badala yake akaniuliza:

"Na ile TV ya baba yenu, iliyokuwa inazima kila jioni, tukiipeleka kwa fundi anasema haina kitu?"

Baba aliisukuma ile TV kwa wheelbarrow mpaka kwa fundi sijui mara ngapi, na kila mara inarudi nyumbani ni nzima, inafunikwa, inazima. Alikufa akiamini fundi ni mwizi.

Tukacheka mpaka mama akakohoa. Halafu akasema basi amenielewa kabisa. Nekesa akifika na mashine yake atamfumia kitambaa kingine, chenye matundu makubwa zaidi, ili ipumue. Amenituma nimletee vipimo, urefu na upana, na kimo chake.

Alishaanza kununua nyuzi. Za njano.

Bosi huyo anakuja. Niambieni wakuu, mama yangu namjibuje?